Maharagwe Katika Mistari ya Bwana

Siku yangu ya kwanza ya kibarua, huko juu katika mashamba ya Bahati, nyapara alinitazama miguu kwanza. "Hii miguu itashika mstari?" Nikamwambia itashika. Shule sikuiona, lakini mahindi nayajua kuliko nyinyi wenye vyeti, kwa hivyo nisikilizeni.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Wafula. Alitufundisha kwamba shamba hulimwa mara mbili. Kiangazi maksai wanavuta plau, mabonge yanaachwa wazi jua liue magugu. Mvua ikikaribia unalima tena, halafu haro, ile chuma ya meno, inavunja mabonge. Ukipanda kwa mabonge, mzizi haushiki kitu. Alikuwa anachomeka kidole mchangani, kikikwama anasema, "Bado. Hapa ni pagumu kama kichwa cha bwana."

Huyo bwana, mzungu mwenye shamba, alitaka mahindi peke yake ndiyo maksai wapite katikati wakipalilia. Sisi maskwota, vibarua tulioishi humo shambani, katika vile vipande alivyotuachia tulime chakula, shimo moja lilipata mahindi na maharagwe. Mkono wangu ulijua hivyo tangu utoto.

Msimu mmoja nilipanda kwa mama asubuhi, kisha nikakimbia kwa bwana. Maharagwe yalikuwa yamebaki kwa kiondo, nikamwagiwa mbegu ya bwana juu yake. Mdomo ulikuwa kwa hadithi za wenzangu, mkono ukafanya ulivyozoea. Mistari minne.

Yalipoota, Mzee Wafula akaita, "We Wanja! Unapanda mahindi ama unapika githeri?"

Wanawake walicheka, maana githeri ni mahindi na maharagwe chungu kimoja. Lakini aliyeharibu shamba la bwana alifukuzwa na familia yake yote, na mama alikuwa mjane mwenye watoto watano. Niliinama ning'oe, mzee akanishika mkono. "Wacha. Mizizi imeshikana, utatoa na mahindi."

Bwana akafika. "Nani napanda hii takataka?"

"Ni mimi, bwana," Mzee Wafula akasema. "Nilitaka kujaribu."

Wiki hiyo hiyo mzee alipelekwa kuchunga ng'ombe katika shamba la ndugu ya bwana, huko Ndabibi. Nyapara mzima, na fimbo ya kuchunga! Nililia. Akanigombeza: "Funga mdomo. Palilia ile mistari kwa mkono, siku moja uniambie imetoa nini."

Sitadanganya. Mahindi ya mistari ile yalikuwa mafupi kidogo na magunzi madogo, maana yaligawana maji na maharagwe. Lakini udongo chini ya maharagwe ulikaa laini, magugu yakakosa nafasi, na tulichuma maharagwe mahindi yakiwa bado mabichi. Bwana alizunguka hapo akiukanyaga ule udongo. Msimu uliofuata akaamuru kile kipande cha chini, ambako plau haikufika, wanawake walime kwa jembe na kuchanganya. Mimi nikawa nyapara wao. Ndiyo, mimi.

Sasa magoti yamekataa. Trekta inamaliza shamba langu kabla chai haijachemka, na bado natamani ule udongo mweusi ukipinduka nyuma ya maksai, na sauti ya Mzee Wafula ikisema bado.

Siku hizo kutoka shamba moja hadi lingine ulihitaji karatasi ya ruhusa, nami nilinyimwa kila nilipoomba. Niliipata baada ya mavuno manne. Nilitembea hadi Ndabibi na maharagwe ya kile kipande mgongoni. Wakaniambia mzee alizeeka, akarudi kwao, wapi hasa hawajui.

Nilisimama hapo langoni, na hesabu yote ya mavuno iko mdomoni.