Kibuyu cha Pili

Nimesoma chuo kikuu, na nimeandika insha nyingi kuhusu namna serikali inavyopaswa kutumia fedha za raia. Baadhi zilipigwa chapa, na wachache walionunua waliniambia kwamba karatasi yake ni nzuri. Lakini hoja yangu ya kwanza katika jambo hilo niliitoa Malindi nikiwa na miaka minane, mbele ya liwali, na niliitoa vizuri mno. Laiti ningeshikwa na kigugumizi.

Ilikuwa kabla ya vita vikubwa vya Wazungu. Mwalimu wetu wa Kurani alikuwa mjane mtu mzima, akitufundisha ukumbini mwake. Ada yake haikuwa fedha. Kila mtoto alileta kibuyu cha maji asubuhi, na kuni siku ya Alhamisi. Kwa maji yale mwalimu alipika na kuoshea mbao zetu za kuandikia. Yaliyobaki aliwapa majirani, nao wakampa unga au samaki. Mtoto asiyeweza kubeba, nduguye alimbebea. Asiye na wa kumbebea alibaki nyumbani.

Mimi nilibeba vibuyu viwili, changu na cha mdogo wangu, msichana wa miaka minne. Baba alikwisha kufa, na mama alishinda shambani kwa watu akivuna ufuta. Kama si ule ukumbi, mtoto yule angeshinda peke yake na jiko.

Wadogo wa namna hiyo walikuwa wengi mtaani. Mwalimu akaona serikali, kwa kuwa inatoza kodi kila kibanda, ingeweza kumpa posho kidogo naye awapokee wote bila maji. Mwenyewe hakuweza kwenda barazani penye wanaume, basi akamtuma mjomba wangu, fundi cherehani.

"Nenda na huyu," alimwambia, akinisukuma mbele. "Wakimsikia akisoma, watakosa la kusema."

Barazani walijaa wazee wa mjini na wa bara, walioitwa kwa ajili ya hiyo hiyo kodi. Mjomba akaeleza ombi. Mzee mmoja wa Jilore, huko bara, akainuka.

"Watoto wa nani hao? Sisi Jilore twalipa kodi, na hata njia ya kupitisha mbuzi hatujapewa. Leo tuwalishie watu wa mjini watoto wao, tena wa kunyonya?"

Watu wakacheka. Tajiri mmoja wa mashamba akaongeza, "Mtoto wa miaka minne, chuo chake ni mgongo wa mamake."

"Huo mgongo umeinama shambani kwako, bwana," akajibu mjomba.

Hapo hakucheka mtu. Liwali, asiyependa ugomvi, akaniita.

"Nashikamoo, bwana."

"Marahaba, mwanangu. Hebu soma hii."

Akanipa tangazo la kodi, wino wake haujakauka vizuri. Nililisoma lote bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. Hata adhabu ya wasiolipa niliisoma kwa madaha.

"Mashallah! Na mwalimu wako, serikali humlipa?"

"La, bwana."

"Mwamlipa nini basi?"

"Maji."

"Alhamdulillahi," akasema liwali. "Kisima kipo, na hakijakauka."

Mzee wa Jilore akanipapasa kichwa. "Mwaona? Huyu hakutugharimu kitu!"

Shauri likaisha hapo. Nilirudi na tende mbili za liwali mkononi, nikiamini tumeshinda. Mwalimu alisikiliza habari yote, kisha akaniuliza, "Hukukwama popote?"

"La, bibi."

"Ungekwama kidogo, mwanangu."

Sikumwelewa. Wakati huo watu walikuwa wakinisimamisha njiani niwasomee barua zao, na kichwa changu hakikuenea tena kwenye kofia. Siku chache baadaye nilimwambia mdogo wangu, "Msomaji wa liwali hawi mchota maji wa mtu. Chako beba mwenyewe."

Hakulia. Aliuliza tu, "Kibuyu kipi?" Nikamchagulia kidogo, nikatangulia.

Kisima cha mtaa wetu kilikuwa shimo tu, mdomo wake sawa na ardhi, mawe yake yameota ukoga. Nilikuwa ukumbini nikifuata mstari kwa kijiti niliposikia watu wakikimbia. Tulipofika, kibuyu kilikuwa kinaelea juu ya maji. Mama aliletwa kutoka shambani, vumbi la ufuta usoni.

Kabla mwaka haujaisha, kisima kilijengewa ukingo wa mawe kwa fedha za kodi. Nasikia barazani hakubisha mtu, hata yule wa Jilore. Miaka mingi baadaye, katika mtihani wa chuo kikuu, niliulizwa kama fedha za umma zitumike kusomesha watoto wadogo. Niliandika kurasa sita, za kukubali na za kukataa, na msahihishaji akanisifu kwa kutopendelea upande. Habari ya kisima sikuiandika.

Matanga ya mdogo wangu yalipokwisha nilirudi kusoma ukumbini. Mwalimu aliniambia nisilete tena maji, si kibuyu kimoja wala viwili. Kesho yake nilileta viwili. Cha pili nilikitua mbele ya mtoto wa jirani, ambaye hakuwa na wa kumbebea na alizoea kutuchungulia kutoka mlangoni. Mwalimu alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, kisha akasogea kidogo mkekani ili mtoto apate pa kukaa.