Jaglika Adai Nywele za Mfungwa

Mama Jaglika Perunović ndiye kinyozi wa mtaa wetu, na kichwa changu amekishika miaka thelathini. Nikisema ni mbishi simsengenyi, mwenyewe anajisifia. Ana mwana mmoja, Vidosav, mbunge, ambaye bungeni hunguruma na mbele ya mama yake hufyata mkia.

Mwaka ule bunge letu liliamua kuwatetea wafungwa wa siasa wa nchi za nje. Kila mbunge akapewa mfungwa mmoja awe kama baba yake wa ubatizo: amtaje kwenye hotuba, auandikie ubalozi unaohusika, basi. Vidosav akaangukiwa na Murad, mwalimu wa nchi moja ya mashariki (siitaji, wanajijua), aliyefungwa kwa kusema kwamba kura ziliibwa. Mbunge wetu akapigwa picha ameshika picha ya Murad aliyevaa kofia ya manyoya, akaandika barua, ubalozi ukajibu kwamba hayo ni mambo yao ya ndani. Akaona kazi imekwisha, akaenda kula nyama ya kondoo.

Mama yake alipoliona gazeti alimwita dukani, sisi wateja tukisikiliza. Akamwambia ubatizo haumfai Mwislamu kama Murad. Huku kwetu, Mkristo na Mwislamu wakitaka udugu, mmoja humkata mwenzake nywele kidogo, na hapo wameshikana mpaka kaburini. Babu yake Jaglika aliponea vitani kwenye zizi la ndugu wa namna hiyo.

"Mama, hii ni siasa tu," Vidosav akasema.

"Umesema mbele za watu, Vido. Udugu hautangazwi halafu ukaachwa njiani. Omba nywele zake."

Basi mbunge mzima akauandikia ubalozi barua ya pili, rasmi kabisa, kuomba nywele za mfungwa. Wenzake walimcheka mpaka wakakohoa. Nami nilicheka, mpaka Vidosav aliposema kwamba mfungwa ana mke, Gulnar, aliyekimbilia kwetu na sasa anafua mashuka katika hoteli moja ya pwani, na kwamba tangu hukumu mwanamke yule hajui kama mumewe yu hai au amekufa. Jaglika hakumtafuta. Alisema hapeleki tumaini bila kitu mkononi.

Wiki zikapita, kimya. Sasa, Mungu naye ana vituko vyake, balozi wa nchi ile alikuwa mteja wa Jaglika. Akaja kunyolewa kwa ajili ya sherehe ya taifa lao. Jaglika akamfunga shuka shingoni, akamnyoa upande wa kushoto vizuri sana, kisha akaweka mkasi mezani na kuteleka kahawa.

"Na huku?" balozi akauliza, akijishika upande wa kulia.

"Huko nitamalizia ukiniletea nywele za Murad, mwanangu."

Alidhani ni utani. Akawazungukia vinyozi wengine, lakini mji wetu ni mdogo, na vinyozi karibu wote walifunzwa na Jaglika, tena kwa makofi. Kila mmoja alimwambia amefunga.

Kesho yake asubuhi akaleta bahasha. Ndani mlikuwa na nywele nyeusi, nene, zinang'aa. Jaglika akamkalisha, akampigia simu Gulnar, naye akaja kwa basi la kwanza. Akachungulia bahasha, akaanza kucheka, lakini kile si kicheko cha kukitamani.

"Mume wangu ana kipara tangu hajanioa," akasema. Kisha akamgeukia balozi. "Niambie yu hai tu. Nywele kaa nazo."

Balozi akainamia sakafu. Laiti ningekuwa na wembe butu, hicho kichwa ningekimalizia mimi! Hapo Vidosav akaingia, amekuja kumwombea mama yake radhi kwa mheshimiwa. Akamwona Gulnar, akaiona bahasha. Nasema kweli, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiongea bila karatasi.

"Mheshimiwa, kesho nasimama bungeni na bahasha hii mkononi, mbele ya kamera zote. Au unapiga simu kwenu sasa hivi."

Balozi akapiga. Tulikunywa kahawa mpaka matumbo yakalalamika, na jioni sura ikatokea kwenye simu ya balozi: mtu amekonda, kipara kinang'aa, ndevu kichaka. Gulnar akaita jina lake mara moja tu.

Waliposalimiana, Murad akauliza nani alitaka nywele zake. Jaglika akasema ni yeye, dada yake wa huku.

"Wiki kadhaa zilizopita walinzi walikuja kuniuliza kama ninazo," Murad akasema. "Wao walicheka, mimi nililia. Nilijua kumbe nje kuna mtu ananiulizia. Tangu siku ile nimekataa kunyolewa ndevu, nikasema labda zitakufaa."

Jaglika akajifuta uso kwa shuka la kunyolea.

"Usizitume," akasema baadaye. "Njoo nazo mwenyewe."

Simu ikakatwa. Gulnar akabaki ameikumbatia kifuani, na hakuna aliyethubutu kumdai. Baada ya muda balozi akakohoa, akauliza taratibu habari za upande wa kulia. Jaglika akamjibu kwamba walikubaliana nywele, na nywele bado ziko gerezani.