Saa Yangu Mpya na Gunia la Mama Ciarunji

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku moja niliyomrudisha Mama Ciarunji nyumbani na gunia lake la kahawa, saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa na saa mpya mkononi, na kijana mwenye saa mpya huitazama hata asipoulizwa. Nakusimulia haya kwa kuwa nimesikia umepata kazi katika kiwanda cha maziwa kule Makutano, na kazi yenyewe ni kutafuta mahali muda unapopotea. Hata mimi niliwahi kuifanya kazi hiyo, kabla hamjaipa jina. Niliifanya vibaya.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilitoka chuo cha kilimo nikapewa umeneja wa kiwanda kidogo cha kahawa, huku kwetu juu ya mji wa Embu. Wakulima walichuma asubuhi, wakaleta kahawa mbivu kiwandani, wakaimwaga juu ya magunia uani na kuichambua: nyekundu huku, mbichi na zilizokauka kule. Kisha wakaenda kwenye mizani, na kahawa ikaingia mashine ya kumenya, kisha matangi ya kuchachushia. Yote hayo lazima yaishe siku ileile, maana kahawa mbivu ikilala ndani ya gunia hupata joto na kunuka, na ukiichanganya na nzuri huiharibu yote tangini.

Foleni ilikuwa ndefu mno. Basi nikasimama uani siku tatu na karatasi na kalamu, nikipima dakika za kila mtu. Kilichokula muda zaidi kilikuwa kuchambua. Tena kina mama walichambua huku wakipiga gumzo, na gumzo lile liliniudhi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kila kitu kiliniudhi. Nikabandika tangazo: kahawa ichambuliwe nyumbani, na lango litafungwa saa kumi na moja kamili.

Foleni ikafupika. Mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima akanipongeza mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Sikujiuliza waliopungua wamekwenda wapi.

Ndipo akaja Mama Ciarunji, mjane mwenye miti michache ya kahawa kwenye mteremko ng'ambo ya mto. Gunia lilikuwa mgongoni, kamba imemkaza kichwani. Nikamwonyesha saa. Akageuka, akapanda tena mlima na mzigo wake, nami nikafunga lango nikiamini nimefanya kazi.

Kesho yake asubuhi alirudi mikono mitupu.

"Meneja, ile kahawa ililala, ikaharibika. Nimeianika ikuwe mbuni."

Mbuni, mwanangu, ni kahawa iliyokaushwa na maganda yake, na bei yake ni ya chini kabisa.

"Sikutaka kuchanganya na ingine niharibie watu," akaendelea. "Wengine wanachanganya, ndiyo unasikia hiyo harufu kwa tangi. Sasa kesho kuja kwangu asubuhi. Na ukuje na hiyo saa."

Harufu nilikuwa nimeisikia kweli. Siku zote hizo nilikuwa nikimgombeza fundi wa matangi.

Nikaenda. Tulianza kuchuma majani yakiwa bado na umande, na ilipokaribia saa sita gunia lilikuwa limejaa. Nikamuuliza mbona tusilipeleke sasa. Alicheka mpaka akashika mti.

"Tupelekee nani? Si mizani wewe unafungua saa tisa?"

Ni kweli. Funguo za mizani nilikaa nazo mimi. Meneja aliyenitangulia alifungua saa tisa ili mashine iwashwe mara moja tu na dizeli isitumike sana, nami nikaendelea vivyo hivyo bila kuuliza. Asubuhi nilikuwa ofisini nikichora majedwali ya dakika. Basi kijiji kizima kilikuwa na kahawa tayari mchana, kikaningoja, halafu kikafika kwenye mizani kwa pamoja. Kuchambua hakukuwa kumemchelewesha mtu yeyote. Walichambua wakiningoja mimi. Isitoshe, macho ya Mama Ciarunji yalikuwa yamefifia. Pale uani majirani walikuwa wakimtolea mbichi, huku wakipiga lile gumzo lililoniudhi. Nyumbani alizitoa peke yake, moja moja kwa kupapasa, na ndiyo sababu siku ile alichelewa dakika kumi.

Gunia nililibeba mimi. Nilipumzika mara nne kabla ya kufika mtoni.

"Hiyo saa yako inaangalia sisi tu," akaniambia, bila hasira. "Hebu siku moja ikuangalie wewe."

Niliona aibu, mwanangu. Kwenye karatasi zangu kila mtu alikuwa na mstari wake, hata mlinzi wa lango, lakini mstari wa meneja haukuwapo. Jioni hiyo nikabandua tangazo langu. Kamati ya chama nikaiambia wazi kwamba kosa lilikuwa langu, nikaomba wiki moja ya kujaribu. Mwenyekiti alinung'unika juu ya dizeli, lakini akakubali. Mizani ikafunguliwa saa nne asubuhi, mashine ikawashwa mara mbili kwa siku, na kuchambua kukarudi uani, na gumzo lake. Wiki ilipoisha, foleni haikuwapo na harufu ilikuwa imetoka tangini.

Lakini gunia lile moja halikurudi. Lilibaki mbuni, naye alikuwa amelitegemea. Hilo linaniuma mpaka leo. Hakuwahi kulitaja tena. Alikuwa tu akinipita uani na kuniuliza, "Meneja, saa ngapi?" nami nilijua anachouliza.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Ukifika kwenye hicho kiwanda cha maziwa, kabla hujampimia mtu dakika, beba mtungi mwenyewe kutoka zizini hadi langoni. Kila unayemkuta amesimama, muulize anamngoja nani, na usishangae akikutajia jina lako. Usiondoe jambo kabla hujajua linamsaidia nani. Foleni ikifupika, wafuate waliopungua hadi kwao. Na mstari wa kwanza kwenye karatasi yako uwe wako.

Mungu akubariki wewe na kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe mtu wa kukuambia ukweli, na akupe kumsikiliza mapema, kabla mtu hajapanda mlima na gunia lake.