Mama yangu, rafiki yake na rap ya wale wasichana wawili wa Uingereza

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yametokea nyumbani kwetu Kibiti na sijaongeza chumvi. Nimeshaifuta hii post mara kadhaa nikihofia kuchekwa. Leo naituma hivyo hivyo.

Wenye umri wa mama yangu mtawakumbuka wasichana wawili weusi wa Uingereza waliokuwa wanarap mwishoni mwa miaka ya themanini. Mmoja anatupa mstari, mwenzake anadaka. Jina lao naliacha, wajuzi mtalijua.

Mjomba alikuwa kuli bandarini Dar. Baharia mmoja akampa kaseti yao, akaileta nyumbani.

Mama alikuwa binti mdogo, msimu wa mpunga anashinda bondeni na rafiki yake Mwajuma wakiamia ndege. Kila mmoja juu ya dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu, mashamba yamepakana.

Kuamia ni kupiga kelele kutwa ili ndege wasile mpunga. Wengine walipiga madebe. Hawa wawili wakaamia kwa rap. Kiingereza hawakijui, wameshika sauti tu. Mama anaanza, Mwajuma anajibu kutoka dungu la pili. Ukinyamaza kwenye zamu yako, ndege wanashuka kwako.

Mama alikuwa akitusimulia hivi anacheka mpaka anakaa chini.

Sasa mama amepigwa kiharusi. Upande wa kulia umelala, na hasemi neno. Mimi nina degree na sina kazi, kwa hiyo ndiye ninayemuuguza.

Daktari alinishauri nimwekee nyimbo alizopenda ujanani. Alisema kuna wagonjwa wanaopoteza maneno lakini wimbo unabaki, na wimbo unaweza kuyavuta maneno yarudi.

Nikautafuta ule wa kaseti mtandaoni, nikaupata. Halafu nikakaa nao kwenye simu siku kadhaa bila kuucheza. Je, kama sio wenyewe? Je, kama utamuumiza kichwa? Je, asipojibu, nitakuwa nimebaki na nini kingine cha kujaribu? (Ndivyo nilivyo wakuu, hata sms ya neno moja naisoma mara tatu kabla ya kutuma.)

Mwishowe nikaucheza. Mama aliangalia ukuta tu.

Nikajipa moyo kwamba yeye anaujua wa bondeni, huu wa studio ni mgeni kwake. Nikampigia Bi Mwajuma, siku hizi anaishi Maparoni. Akapanda boti mpaka Nyamisati, kisha bodaboda mpaka kwetu.

Maneno yake yalianzia mlangoni. "Somo, ndio kulala gani huku na jua limeshatoka?"

Mama alimgeukia.

Nikamweleza Bi Mwajuma ninachotaka. Akakaa kitandani, akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa vidole, taratibu. Nikamuuliza mbona haanzi.

"Anaanza yeye," akasema.

Akagonga mpaka zamu ya mama ikaisha. Ndipo akaingia na yake, sauti imekwaruza, Kiingereza ambacho hakipo duniani. Akamaliza, akaendelea kugonga ili zamu ya mama itimie urefu wake wote.

"Somo, ndege wanaumaliza mpunga wako."

Mama alikuwa anautazama mdomo wa mwenzake. Wake haukufunguka.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwomba Bi Mwajuma aimbe na mistari ya mama, labda akiisikia itamrudia.

"Siijui zamu yake, mwanangu. Ningejifunza ya nini, na mwenyewe yupo?"

Akaenda na wimbo mpaka mwisho, nafasi zote za mama zikiwa tupu. Mama akafumba macho. Bi Mwajuma akamfunika kanga, akatoka uani, na hakurudi ndani kwa muda.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Wimbo wa wale wasichana yeyote anaupata, upo hata kwenye simu yangu. Mistari ya mama ilikuwa mdomoni mwake tu. Kama wazazi wenu bado wanasema, warekodini, hata wakiwa wanapiga porojo.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi aliyenyamaza kabisa, alikuja kusema tena? Ya kunifariji majirani wamenipa mengi, nyie nipeni ya kweli.

Bi Mwajuma ameniuliza aje tena lini. Nasoma kwanza majibu yenu ndipo nimjibu.