Pembe Tupu ya Mfarishi

Sikumpenda wifi yangu, na Guangzhou ilinipa sababu mpya. Yeye ndiye aliyenipeleka huko, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Alikuwa akinunua nguo za jumla soko la Zhanxi na kupakia kontena bandari ya Huangpu, na Kichina cha sokoni alikijua. Mimi nilifuata jambo moja tu: mfarishi wa kitanda cha harusi cha binti yangu wa pekee. Atlasi nzuri na pamba nyepesi zilikuwa huko. Maua ya kuchora nilikuja nayo mwenyewe.

Kwetu, upande wa mama, maua ya mfarishi hukaa kwenye karatasi iliyotobolewa kwa sindano. Unaitandaza juu ya atlasi, unafunga unga wa chaki ndani ya kitambaa chepesi, unagongagonga. Ukiinua karatasi, maua yamebaki vitone vitone, nawe unaviunga kwa kipande cha sabuni kikavu. Karatasi hiyo hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Haazimwi jirani, wala wifi. Na pembe moja ya mfarishi huachwa tupu, mpaka siku ya kutandika kitanda, mama wa bibi harusi aichore mlango ukiwa umefungwa.

Wifi aliitamani karatasi ile tangu Unguja. Alisema mifarishi yenye maua yale ingegombaniwa Darajani. Nilipokataa akasema nina roho mbaya, nikamjibu kwamba ninayo.

Karakana aliyonipeleka ilikuwa juu ya ghala la viatu, nyuma ya Zhanxi. Laoban, ndivyo walivyomwita tajiri wa pale, alikuwa mwanamke mwenye uso mkavu, akanisukumia meza kama anayetoa sadaka. Sikumruhusu mtu kugusa kitu. Nilichora mwenyewe mpaka mgongo ukaniwaka, wifi kasimama mlangoni akiguna. Nilipomaliza nikaikunja karatasi nikaitia kifuani. Kitambaa nikawaachia watie pamba na kushona.

Hapo ndipo nilipopigwa. Kwetu, aliyelinda karatasi amelinda maua. Mwanamke akinakili kutoka kwenye kitambaa cha mwenzake atasemwa mtaani mpaka wajukuu zake waone haya. Nilikwenda China na adabu za kwetu, nikadhani zimepanda ndege pamoja nami.

Siku ya kuchukua, niliukuta mfarishi wangu umekunjwa vizuri. Nyuma yake lilikuwa rundo la mingine, myekundu, ya kijani, ya dhahabu, yote ina maua ya mama yangu. Walikuwa wametandika karatasi nyembamba juu ya chaki yangu wakafuatisha. Karatasi yao ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Wifi alikuwa akichagua rangi.

Nilimwambia ameiba nyumbani kwa mama yangu. Hata kugeuka hakugeuka.

"Karatasi si unayo, wifi?" alisema. "Nani kaigusa? Macho hayana pazia."

Nikamtaka laoban aichane ile ya ukutani. Akapunga mkono, meiyou, meiyou, hakuna, hakuna, kama vile nimeomba nipunguziwe bei. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nililala naye chumba kimoja. Safari nzima ya kurudi sikumsemesha.

Kontena lake lilifika kabla ya harusi. Binti yangu aliyaona maua ya bibi yake yananing'inia dukani Darajani, akarudi analia. Alisema halalii mfarishi wa kila mtu. Nilimwambia asubiri, huku nikimchukia wifi kwa moyo wangu wote.

Siku ya kutandika nilifunga mlango, tukabaki mimi na mwanangu. Nikaichora ile pembe ua lake, nikalipitishia sindano kwa mkono. Aliupapasa mfarishi, akaacha kulia. Nilipotoka nilikifunga chumba, ufunguo nikauchomeka kiunoni. Adabu za China nilikuwa nimeshajifunza.

Wifi alinifuata jikoni, mpole kama si yeye. Wateja wanalalamika kuhusu ile pembe tupu, alisema, wanadhani mifarishi ina kasoro. Aliomba aione karatasi, mara moja tu.

Nikaitoa kifuani nikampa. Aliikunjua, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena. Ua la pembe halimo mle, halijawahi kutiwa kwenye karatasi yoyote. Mama alinifundisha kulichora kwa mkono, usiku wa kutandika kitanda changu mimi.

"Vipi?" nikamwuliza. "Karatasi si unayo, wifi?"