Waliokutana kwenye Mahindi ya Madam Fausta

Ukitaka kumjua mtoto wa Tunduma, mwonyeshe njia mbili: moja ya lami yenye geti wazi, nyingine ya vichakani yenye miba. Atakuuliza hiyo ya vichakani inaanzia wapi. Ndivyo alivyo rafiki yangu Lusungu. Mama yake, Enesi, amemlea kwa vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, na alimfundisha mapema sheria ya njia za panya: mkikutana humo hamsalimiani. Aliye kwenye njia ya panya hayupo.

Sasa Lusungu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja huku Mpemba, jirani na Tunduma. Bwenini ndiye mchekeshaji wetu, anaigiza kila mtu hadi mlinzi. Lakini akisimama mbele ya darasa la Dokta Osea kuwasilisha kazi yake, ulimi unagoma. Ameshakimbia mara mbili, akisingizia tumbo. Dokta Osea, mkali kama pilipili kichaa, akatangaza kwamba Ijumaa ndiyo mwisho: asiyewasilisha, amefeli. (Majina nimeyabadilisha, siri ni siri.)

Nikamkuta Lusungu anakunja nguo zake arudi kwa mama akauze vitenge. Kijana wa watu, kichwa kizuri kabisa, aache chuo kwa sababu ya dakika kumi za kuongea! Iliniuma sana. Nikamwambia aende kwa Madam Fausta, mshauri nasaha wa chuo.

"Ni bure," nikamwambia, "kwa wanafunzi na wafanyakazi wote. Tena ni siri."

Bure, tena siri! Kwa mtu wa mpakani, maneno hayo mawili yakikaa pamoja, huo ni mzigo wa kuvushwa. Mlango wa mbele wa ofisi ile uko wazi mchana kutwa, una hata zulia. Lusungu akazungukia nyuma, kwenye mahindi marefu, kofia imefunika macho, akatambaa mpaka katikati. Huko akakutana na viatu vyeusi vinavyong'aa. Alipoinua macho, mwenye viatu alikuwa Dokta Osea, amechuchumaa, koti kajifunika kichwani.

Sheria ni sheria, na Dokta naye kwao ni Tunduma. Hawakusalimiana. Wakakaa hivyo, kila mmoja akiwa hayupo, mbu wakiwala wote wawili bila kujali elimu. Mwishowe Dokta akanong'ona huku akiyaangalia majani.

"Haya mahindi yamestawi."

"Sana, Dokta."

"Mbolea hiyo."

"Ni mbolea, Dokta."

Madam Fausta, mwenye mahindi, akaona yanatikisika pasipo upepo. Akatoka na ufagio. "Wezi! Hata hayajakomaa mmeshayafuata!"

Wakajitokeza wamenyoosha mikono juu. Madam akawatazama, akashusha ufagio polepole.

"Kumbe ni ninyi? Sasa mlango si ule pale? Kaeni kwenye benchi, naja."

Benchi lenyewe fupi, wakakaa wamegusana mabega. Dokta akakohoa.

"Kijana, wewe unasumbuliwa na nini?"

Lusungu anaapa alitaka kusema tumbo. Likatoka lingine. "Ni wewe, Dokta. Nikikuona umekaa pale nyuma unaniangalia, maneno yote yananikimbia."

Dokta akawa anafuta kiatu ambacho tayari kilikuwa safi.

"Mimi nasumbuliwa na ninyi," akasema. "Kila nikiingia darasani magoti yanagongana. Nikiwakaripia kwanza, hamyasikii."

Lusungu, ambaye hucheka hata misibani, hakucheka. Alimwonea huruma mtu yule mpaka akasahau kujihurumia mwenyewe.

Madam Fausta akasimama mlangoni. "Haya, nani anaanza?"

"Aanze Dokta, Madam," akasema Lusungu. "Mimi Ijumaa nasimama dakika kumi tu. Yeye anasimama muhula mzima."