Siku Mbili Bila Moshi

Mke wangu alikufa kwa kifua msimu wa baridi, wakati ulezi uko uwanjani unasubiri kupurwa. Alikuwa mtu wa Muze, kule bondeni kwenye joto. Msibani watu walisema baridi ya huku juu ilimkataa. Wengine walisema vumbi la ulezi. Dada yake alisema moshi, na alisema huku ananitazama mimi. Tangu hapo nikawa situlii. Nikianza kulima naacha jembe, narudi nyumbani kumsikiliza binti yetu anavyopumua, maana kifua chake nacho kinapiga filimbi kama cha mama yake.

Ndiyo maana kliniki ya mjini Sumbawanga waliponiuliza kama mtoto anaweza kuingia kwenye utafiti wa pumu, nilikubali kabla dada mtafiti hajamaliza kueleza. Ikabidi nimwombe aanze upya.

"Kinga ya mwili ni kama askari," alisema. "Kwa mwenye pumu, askari hao wakiona vumbi au moshi wanadhani ni adui. Wanapigana, njia ya hewa inavimba, mtu anabanwa. Tunataka kujua ni askari gani wanaoamka, na nini kinawaamsha."

Mimi nimeishia darasa la saba. Nilijua kinga ikipungua mtu anaugua. Sikuwahi kufikiri inaweza kumgeukia mwenyewe.

"Kwa hiyo mama yake aliuawa na askari wake?"

"Sijui, baba. Sikumpima."

Jibu hilo lilinisumbua njia nzima hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata alikuja kijijini. Alimvalisha binti yangu kimfuko kifuani, ndani yake kifaa kidogo kinachovuta hewa na kunasa vumbi kwenye karatasi nyeupe. Akivae siku mbili, halafu atolewe damu, vilinganishwe. "Ishini kama siku zote," alisisitiza. "Msibadilishe kitu."

Mama yangu, anayetupikia tangu msiba, aliitikia vizuri kabisa. Sawa, mwanangu. Haina shida, mwanangu. Kumbe alishakandika upya kuta za jikoni tangu asubuhi. Gari lilipoondoka akawasha jiko la mkaa nje, upande upepo unakokimbilia. Magunia ya ulezi akayapeleka kwa jirani. Mtoto akamvalisha gauni la kanisani na kumkalisha barazani.

"Mama, amesema kama siku zote."

"Siku zote zipi? Kifaa cha mgeni kikajae masizi humu ndani? Wakakifungue huko mjini, waseme marehemu alikuwa anakaa kwenye uchafu?"

"Ndicho wanachotaka kujua."

"Wakajue kwa mtu mwingine." Akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, kaa hapohapo. Leo wewe bibi harusi, mimi mpishi."

"Bibi harusi gani ana betri kifuani?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza. Ili karatasi ile iseme kweli, ingebidi nimrudishe mtoto kwenye moshi. Nikafikiri kukitundika kimfuko peke yake juu ya mafiga, mtoto abaki nje. Karatasi ingetoka nyeusi, lakini damu ingekuwa ya mtoto aliyekaa kwenye upepo. Huo ungekuwa uongo. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mama akasema namzungusha kichwa.

Usiku ule binti hakukohoa. Uliofuata pia hakukohoa. Badala ya kufurahi nilizidi kuhangaika. Kama kupika nje siku mbili kunatosha, miaka yote ile ya mama yake ilikuwa ya nini?

Mtafiti aliporudi, mama akamwambia, "Kila kitu kama kawaida, mwanangu."

"Si kweli," nikasema, na nikaeleza yote. Mama alinitazama kama nimemvua nguo mbele za watu.

Dada yule hakukasirika. "Karibu kila nyumba nakuta jiko limekandikwa," alisema. Kisha akauliza kama anaweza kuja tena wakati wa kupura, mtoto avae kifaa siku ambazo hakuna kilichobadilishwa.

"Akiwa uwanjani kwenye vumbi?"

"Kama huwa yuko."

"Huwa yuko. Lakini safari hii hatakuwepo. Damu chukua."

"Ni haki yako, baba. Ila hatutajua."

"Najua."

Akachukua damu. Mtoto aliitazama sindano, bibi yake ndiye aliyefumba macho. Nikamuuliza mtafiti kuhusu zile siku mbili ambazo mtoto hakukohoa. Alisema hazithibitishi kitu, ila angekuwa yeye asingesubiri uthibitisho ndipo amwondoe mtoto kwenye moshi. Akakumbusha dawa ya kuvuta aliyopewa mtoto kliniki, ile ya kuzuia kubanwa, itumike kila siku hata filimbi isiposikika. Kuhusu mke wangu hakuongeza neno, nami sikumuuliza tena.

Alipoondoka nilichukua mtaimbo nikaingia jikoni. Mvua zikija moto hauwezi kukaa nje. Nikaanza kutoboa ukuta karibu na paa.

"Umechanganyikiwa?" mama akapiga kelele. "Juzi tu nimekandika!"

"Nitakandika mimi."

"Wewe? Kwa mikono ipi?"

Niliendelea kupiga. Vumbi la udongo lilinijaa puani. Akamsogeza mtoto mbali na mlango. Halafu akasema, "Basi toboa upande ule. Huku upepo utaurudisha moshi ndani."

Nikahamia upande ule.